Programu ya kutengeneza muziki

Programu ya kutengeneza muziki ni programu ya kompyuta, tableti au simu inayotumika kurekodi sauti, kupanga midundo na ala, kuhariri, kuchanganya na hatimaye kutoa wimbo uliokamilika kama faili moja. Kimataifa programu za namna hii hujulikana kwa kifupi cha DAW. Hutumiwa na watayarishaji wa muziki (maprodyuza), waimbaji, kwaya, watangazaji wa redio, watengenezaji wa filamu na wanafunzi wa muziki.

Programu hizi ni nyingi, za bure na za kulipia, na anayeanza hupata shida kuchagua. Kazi za msingi zinafanana karibu katika zote: kurekodi, kukata na kuunganisha, kupanga noti, kurekebisha ukubwa wa kila sauti, na kutoa faili. Sauti iliyorekodiwa kwa kipaza sauti kilekile na kwa mipangilio ileile haiwi nzuri zaidi kwa kuwa imeingizwa katika programu ya bei kubwa. Tofauti zenye uzito kwa mwanafunzi ni mpangilio wa kazi, kifaa kinachohitajika, masharti ya leseni, na upatikanaji wa mtu wa kumwelekeza.

Historia

Kabla ya kompyuta kuingia studio, muziki ulirekodiwa kwenye mikanda ya sumaku. Mashine za studio kubwa zilikuwa na njia 4, baadaye 8, 16 na 24, na kila njia ilibeba sauti yake. Kuhariri kulimaanisha kukata mkanda kwa wembe na kuuunganisha kwa gundi. Mashine hizo zilikuwa ghali, na mwanamuziki wa kawaida alizifikia kwa kukodi muda wa studio tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Soundstream ya Marekani, iliyoanzishwa na Thomas Stockham, ilitengeneza mfumo wa kuhariri sauti kwa kompyuta. Mfumo huo huhesabiwa kuwa miongoni mwa vitangulizi vya programu za leo. Mwaka 1983 viwanda vya vinanda vya elektroniki vilikubaliana juu ya kanuni ya pamoja ya mawasiliano iitwayo MIDI, iliyowezesha kinanda cha kampuni moja kuelewana na kinanda au kompyuta ya kampuni nyingine. Kompyuta ya Atari ST, iliyotoka mwaka 1985, ilikuwa na matundu ya MIDI tayari, hivyo ikapendwa sana na wanamuziki.

Kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, ilitoa Cubase mwaka 1989 kwa ajili ya kompyuta hiyo. Nchini Marekani kampuni ya Digidesign ilitoa Pro Tools mwaka 1991, na programu hiyo ikawa ya kawaida katika studio kubwa za kurekodi. Mwaka 1996 Steinberg ilileta mfumo wa VST, uliowezesha athari za sauti kama mwangwi kufanya kazi ndani ya kompyuta bila mashine ya pembeni. Miaka michache baadaye ala kamili nazo ziliweza kuigwa kwa njia hiyohiyo.

Mwishoni mwa mwaka 1997 kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilitoa FruityLoops, kazi ya Didier Dambrin, ambayo mwanzoni ilikuwa programu ndogo ya kupanga midundo. Mwaka 2003 ilibadilishwa jina kuwa FL Studio. Ableton Live ya Berlin ilitoka mwaka 2001, na mwaka 2004 Apple ilianza kuuza kompyuta zake zikiwa na GarageBand ndani. Tangu hapo mtu mwenye kompyuta moja na kipaza sauti kimoja ameweza kufanya nyumbani kazi iliyohitaji studio nzima.

Sehemu kuu

Kila programu ina majina na rangi zake, lakini sehemu zifuatazo hupatikana karibu katika zote:

- Traki: mstari unaobeba sauti moja, kwa mfano ngoma, besi, gitaa au mwimbaji. Kila traki huweza kupandishwa, kushushwa au kunyamazishwa bila kugusa nyingine.
- Mstari wa wakati: uwanja mkuu wa kazi, ambapo vipande vya sauti hupangwa kuanzia kushoto kwenda kulia kadiri wimbo unavyoendelea. Huonyesha sekunde au hatua za muziki.
- Uwanja wa noti: sehemu yenye picha ya kinanda pembeni, ambapo noti huandikwa kama vijiti vifupi na virefu.
- Kipanga midundo: safu za visanduku vya kubonyeza, kila safu ikiwa ya ngoma au kengele moja.
- Miksa: ubao wa vitelezi vya kurekebisha ukubwa wa kila traki, upande wa spika inakosikika, na athari zilizowekwa juu yake.
- Programu-jalizi: programu ndogo zinazoongezwa ndani ya programu kuu. Nyingine ni ala, kama piano na besi. Nyingine ni athari, kama mwangwi au kipunguza makelele. Mifumo yake mikubwa ni VST, AU (ya Apple), AAX (ya Pro Tools), na LV2 (inayotumika zaidi kwenye Linux).

Sauti iliyorekodiwa na maagizo ya MIDI

Traki huweza kubeba sauti iliyorekodiwa au maagizo ya MIDI. Anayeelewa tofauti hii mapema huepuka makosa mengi ya uchaguzi.

Sauti iliyorekodiwa ni nakala ya mawimbi yaliyoingia kwenye kipaza sauti. Mwimbaji akikosea neno, sehemu hiyo hukatwa na kuimbwa upya. Maagizo ya MIDI hayana sauti yoyote ndani yake. Mtu akibonyeza noti kwenye kinanda cha MIDI, kinachohifadhiwa ni taarifa: namba ya noti kati ya 0 na 127, nguvu ya kidole, wakati wa kubonyeza na wakati wa kuachia. Kompyuta husoma taarifa hizo na kuipa ala ya ndani kazi ya kutoa sauti. Kwa sababu hiyo wimbo uleule ulioandikwa kwa piano huweza kupewa filimbi, ukapandishwa ufunguo au kuongezwa kasi bila kupigwa upya.

Mtengenezaji wa biti hutumia zaidi MIDI na sampuli, yaani vipande vifupi vya sauti vilivyokwisha kurekodiwa. Kwaya au bendi hutumia zaidi sauti iliyorekodiwa. Programu nzuri kwa mmoja huweza kumchosha mwingine.

Mambo ya kuzingatia kwa anayeanza

Kazi inayokusudiwa

Swali la kwanza ni kile ambacho mtu anataka kukifanya katika miezi michache ijayo. Anayetaka kutengeneza biti za Bongo Flava, singeli au amapiano atafaidika na programu yenye kipanga midundo cha haraka, kama FL Studio au LMMS. Anayetaka kurekodi kwaya, bendi ya dansi au mpiga gitaa anayeimba atafaidika na programu iliyojengwa kwa kurekodi traki nyingi kwa pamoja, kama Reaper, Ardour, Cubase au Pro Tools. Anayetaka kucheza vipande vya muziki jukwaani na kuvibadilisha papo hapo hutazama Ableton Live. Anayehitaji tu kurekodi mahojiano, kukata hotuba au kusafisha sauti ya kaseti ya zamani anatoshwa na Audacity, ambayo ni kihariri cha sauti na haikuundwa kwa utungaji wa biti.

Kifaa

Programu lazima iende na mfumo wa uendeshaji uliopo. GarageBand na Logic Pro hufanya kazi kwenye vifaa vya Apple pekee. FL Studio ilikuwa ya Windows tu hadi mwaka 2018 ilipotolewa pia kwa kompyuta za Mac. Reaper, Ardour, LMMS na Audacity zina matoleo ya Windows, Mac na Linux.

Nafasi kwenye diski huisha upesi kuliko watu wanavyodhani. Sauti ya njia moja inayorekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 24 huchukua karibu megabaiti 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 12 za namna hiyo hufikia takriban megabaiti 380, kabla ya kuhesabu majaribio yaliyoachwa. Maktaba za ala za baadhi ya programu ni kubwa zaidi na huhitaji gigabaiti nyingi za kupakua, jambo la kufikiriwa na mwenye kununua intaneti kwa vifurushi. Faili ya kusakinisha Reaper, kwa kulinganisha, ni ya makumi machache tu ya megabaiti, kwa kuwa haiji na maktaba kubwa ya sauti.

Jambo jingine ni ucheleweshaji. Kompyuta hukusanya sauti katika mafungu kabla ya kuichakata. Fungu la sampuli 1,024 huchukua milisekunde 23 hivi, na la sampuli 128 karibu milisekunde 3. Mtu anayeimba huku akijisikia kupitia kompyuta yenye mafungu makubwa husikia sauti yake ikichelewa, kana kwamba inatoka kwenye spika iliyo mita 8 mbele yake, na huanza kupoteza mapigo. Wengi huilaumu programu, ingawa mara nyingi dawa ni kupunguza ukubwa wa fungu wakati wa kurekodi na kuuongeza wakati wa kuchanganya, au kutumia kadi ya sauti ya nje. Kwenye Windows husaidia pia kutumia kiendeshi cha aina ya ASIO badala ya kile cha kawaida.

Simu nayo huweza kutosha kwa kuanzia. Mmarekani Steve Lacy alijulikana kwa kutengeneza kazi zake za mwanzo kwa GarageBand kwenye simu ya iPhone. BandLab hutumika kwenye simu za Android, iPhone na kwenye kivinjari cha kompyuta. Ugumu wa simu ni kioo kidogo na nafasi finyu ya kuhifadhi. Vipokea sauti vya bluetooth navyo huchelewesha sauti, hivyo wakati wa kurekodi inafaa kutumia vyenye waya.

Bei na leseni

Masharti ya leseni hutofautiana zaidi kuliko bei zenyewe. Baadhi ya programu hununuliwa mara moja, nyingine hulipiwa kila mwezi au mwaka, na nyingine ni za chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi na kila mtu anaruhusiwa kuzitumia na kuzisambaza.

Toleo la majaribio lapaswa kusomwa masharti yake kabla ya kuanza kazi ya maana. Toleo la majaribio la FL Studio huruhusu kuhifadhi kazi na kutoa wimbo, lakini kazi iliyohifadhiwa haifunguki tena kikamilifu mpaka leseni inunuliwe. Mwanafunzi asiyelijua hilo hufunga kompyuta usiku akidhani biti yake iko salama. Reaper hutoa siku 60 za majaribio bila kuzuia kitu, na leseni yake ya bei nafuu kwa mtu binafsi imekuwa dola 60 za Marekani kwa miaka mingi.

Matoleo madogo ya programu kubwa huwa na mipaka. Toleo la chini kabisa la FL Studio, liitwalo Fruity, kwa miaka mingi halikuwa na uwezo wa kurekodi na kupanga sauti za waimbaji kwenye mstari wa wakati. Toleo la bure la Pro Tools, liitwalo Intro, lina kikomo cha traki 8 za sauti. Mipaka hii haimdhuru anayeanza iwapo anaijua na haigusi kazi yake.

Mizani na mahadhi

Programu nyingi hufunguka zikiwa zimepangwa kwa mapigo 4 katika kila hatua ya muziki na visanduku 16 vya midundo. Mpangilio huo unafaa nyimbo nyingi za kisasa. Ngoma nyingi za Afrika Mashariki, chakacha ya pwani ikiwa mojawapo, huenda kwa mizani ya 6/8 au 12/8, ambapo kila pigo kuu hugawanyika mara tatu. Akitumia visanduku 16, mtungaji atalazimisha ngoma ikae mahali isipokaa, na matokeo husikika makavu. Kabla ya kuanza inafaa kubadilisha mizani iwe 12/8, au kugawa kila hatua katika sehemu 12.

Ala za ndani ya programu hupangwa kwa ngazi ya Ulaya yenye noti 12 zilizo sawa kwa umbali. Taarab ya kale, yenye udi, kanuni na fidla, hutumia pia mahadhi ya Kiarabu yenye robo za sauti ambazo hazimo katika ngazi hiyo. Muziki wa zeze na marimba wa Wagogo wa Dodoma, uliosikika duniani kupitia Hukwe Zawose, hufuata ngazi yake yenyewe. Mwenye kutaka mahadhi hayo aangalie kama programu inaruhusu kubadilisha ngazi ya noti. Logic Pro huruhusu, na Ableton Live iliongeza uwezo huo katika toleo la 12 la mwaka 2024. Njia nyepesi ni kurekodi ala halisi kwa kipaza sauti, kwa maana programu yoyote huipokea sauti kama ilivyo.

Mafunzo na watu wa karibu

Programu isiyojulikana na mtu yeyote wa karibu ni ngumu kuliko ile ambayo jirani, kaka au fundi wa studio ya mtaa anaitumia kila siku. Swali linalojibiwa na mtu aliyekaa pembeni kwa dakika mbili huweza kumchukua mwanafunzi jioni nzima peke yake. Kwa sababu hiyo walimu wengi hushauri kuanza na programu inayotumiwa na wenzako, isipokuwa pale ambapo kifaa au leseni havikuruhusu.

Kosa linalorudisha wengi nyuma ni kuhama programu kila mwezi. Maarifa ya msingi, kama kupanga mapigo, kusikia makosa ya sauti na kupima ukubwa wa traki, huhama na mtu kwenda programu yoyote. Hata hivyo maarifa hayo hupatikana kwa kumaliza nyimbo, na anayehamahama hubaki na vipande vya sekunde 20 visivyokuwa nyimbo.

Baadhi ya programu zinazojulikana

- FL Studio (Image-Line, Ubelgiji): hupendwa kwa kutengeneza biti. Aliyenunua leseni hupata matoleo mapya bila kulipa tena. Muziki wa gqom wa Durban, Afrika Kusini, ulikua kwa kiasi kikubwa kwenye kompyuta za nyumbani zenye programu hii.
- Cubase (Steinberg, Ujerumani): ya miaka mingi, yenye nguvu katika kurekodi na katika MIDI.
- Pro Tools (Avid, Marekani): ya kawaida katika studio kubwa na kazi za filamu.
- Logic Pro (Apple): ilianza na kampuni ya Emagic ya Ujerumani, iliyonunuliwa na Apple mwaka 2002. Finneas O'Connell aliitumia kutengeneza albamu ya kwanza ya dada yake Billie Eilish, iliyotoka mwaka 2019, ambayo sehemu kubwa ilirekodiwa chumbani nyumbani kwao.
- GarageBand (Apple): ya bure kwa wenye vifaa vya Apple. Kazi iliyoanzishwa humo huweza kufunguliwa katika Logic Pro.
- Ableton Live (Ableton, Ujerumani): kwa utungaji na maonyesho ya jukwaani.
- Reaper (Cockos, Marekani): nyepesi na ya bei nafuu. Mwanzilishi wake, Justin Frankel, ndiye aliyetengeneza Winamp.
- Ardour: ya chanzo huria, iliyoanzishwa na Paul Davis, kwa kurekodi traki nyingi.
- LMMS: ya chanzo huria na ya bure, kwa biti na MIDI. Toleo lake la kawaida halirekodi sauti ya kipaza sauti, hivyo mwimbaji huhitaji programu ya pili.
- Waveform Free (Tracktion): ya bure, isiyo na kikomo cha traki.
- Audacity: ya chanzo huria, iliyoanzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na kutolewa mwaka 2000.
- BandLab (Singapore): ya bure, ya simu na kivinjari.

Nakala zisizo halali

Nakala zilizovunjwa kufuli huuzwa au kugawiwa kwa flashi katika miji mingi. Programu za kompyuta hulindwa na sheria ya hakimiliki, Tanzania kwa sheria ya mwaka 1999 na Kenya kwa sheria ya mwaka 2001. Ni sheria hizohizo zinazolinda nyimbo za mtungaji. Prodyuza anayelalamika kuwa biti yake imetumiwa bila malipo hujipinga mwenyewe iwapo biti hiyo ilitengenezwa kwa programu iliyoibwa.

Madhara mengine ni ya kiufundi. Faili za kuvunja kufuli hutakiwa kuendeshwa huku kinga ya virusi ikiwa imezimwa, na ni njia rahisi ya kuingiza programu hasidi zinazofuta au kufunga mafaili. Nakala hizo hazisasishwi, na kazi iliyotengenezwa kwa programu-jalizi za namna hiyo huweza kushindwa kufunguka kompyuta ikibadilishwa. Kwa kuwa zipo programu za bure na za bei nafuu zinazofanya kazi yote ya msingi, mwanafunzi hana sababu ya kujiingiza katika hatari hiyo.

Kuhifadhi na kuhamisha kazi

Faili ya kazi ya programu moja kwa kawaida haifunguki katika programu nyingine. Isitoshe, mara nyingi faili hiyo haibebi sauti zenyewe ndani yake: huonyesha tu mahali zilipo kwenye diski. Anayenakili faili hiyo peke yake kwenye flashi na kuipeleka studio nyingine hukuta traki tupu. Inafaa kutumia agizo la kukusanya sauti zote katika folda moja, linalopatikana katika programu nyingi, kisha kunakili folda nzima.

Njia inayokubalika kila mahali ni kutoa kila traki peke yake kama faili ya WAV, zote zikianzia mwanzo kabisa wa wimbo, na kuandika pembeni kasi ya mapigo kwa dakika na ufunguo wa wimbo. Studio yoyote huweza kuzipanga tena. Utaratibu huu hulinda pia kazi dhidi ya kufa kwa programu. Mwaka 2017 kampuni ya Gibson ilitangaza kusimamisha uendelezaji wa Cakewalk, programu iliyokuwa na umri wa miaka 30. Mwaka uliofuata BandLab iliinunua na kuiendeleza, lakini watumiaji walikuwa wamekwisha kupata onyo.

Umeme unapokatika mara kwa mara, kipengele cha kujihifadhi chenyewe kiwekwe kila baada ya dakika chache. Nakala ya pili ya kazi ikae kwenye diski ya nje au kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Matumizi katika Afrika Mashariki

Hadi miaka ya 1980 sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa Tanzania ilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Katika miaka ya 1990 vijana wa rapu na Bongo Flava, wengi wao wakiwa hawana bendi, walihitaji mtu mmoja wa kutengeneza muziki wote. Studio kama MJ Records ya Master J na Bongo Records ya P-Funk Majani, zote za Dar es Salaam, zilifanya jina la prodyuza lijulikane sawa na la mwimbaji. Jijini Nairobi, Ogopa Deejays na Calif Records zilikuwa na nafasi kama hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Singeli, iliyozaliwa katika vitongoji vya Dar es Salaam, inaonyesha jinsi vifaa vichache vinavyoweza kuzaa mtindo mpya. Watayarishaji wake walichukua vipande vya taarab na midundo ya mchiriku, wakavikata na kuviharakisha kwenye kompyuta za kawaida hadi kuzidi mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso, na singeli ikaanza kupigwa katika matamasha ya Ulaya.

Tazama pia

- Bongo Flava
- Hakimiliki
- Kinanda
- MIDI
- Programu huria
- Singeli
- Taarab